Siku Kumi za Sambu

Janeth aliumwa siku ya Jumanne, saa kumi jioni, katikati ya uwanja wa kijiji. Wasichana sita walikuwa wanacheza rede. Mpira wao, soksi iliyoshindiliwa matambara, ulimpita mdakaji ukabingirika hadi kwenye ndama wa mzee Tajewo waliokuwa wakikatiza uwanja kwenda bwawani. Janeth, mwenye miaka minane, akaufuata mbio. Ndama mmoja akashtuka na kuruka, wenzake wakatawanyika, na mbwa aliyekuwa akiwachunga akamrukia yule aliyewatawanya. Alimng'ata mara moja tu, chini kidogo ya jicho la kushoto. Kisha akamwachia, akarudi kukusanya ndama wake.

Natalia, mama yake Janeth, alikuwa ng'ambo ya barabara akipalilia vitunguu. Alisikia watoto wakipiga kelele kwa namna isiyo ya mchezo, akatupa jembe. Alipofika alimkuta Tajewo amepiga magoti, amemkandamizia mtoto pembe ya shuka lake shavuni. Shuka lilikuwa jekundu, kwa hiyo damu haikuonekana mpaka alipoigusa.

"Ondoa mkono wako kwa mwanangu," Natalia alisema.

"Damu inatoka sana, mama Janeth. Nimeizuia kidogo."

"Nimesema ondoa mkono."

Tajewo akasimama, akarudi nyuma hatua mbili. Alikuwa mtu mrefu wa miaka hamsini na kitu, mkimya, mwenye tabia ya kuangalia mbali anaposemeshwa. Mbwa wake alikuja akakaa miguuni pake. Aliitwa Sambu, jina la Kimaasai la mnyama wa mabaka, kwa sababu ya mabaka yake ya kahawia na meupe.

"Nilisema mkutanoni mbele ya watu wote," Natalia aliendelea huku akimbeba mtoto. "Nilisema ipo siku. Ukageuza uso kama vile napiga kelele chooni."

Ni kweli alikuwa amesema. Mwaka uliotangulia kijiji kilipitisha sheria ndogo za uwanja, na ya kwanza ilitoka mdomoni mwa Natalia mwenyewe: mbwa asiingie uwanjani bila kamba. Zikafuata nyingine. Kila mbwa awe na cheti cha chanjo ya kichaa. Mwenye mbwa azoe kinyesi chake. Mbwa akimuuma mtu afungwe siku kumi na kuangaliwa. Kibao kiliandikwa kwa rangi nyeusi na kusimamishwa karibu na goli. Tajewo alikuwa mtu pekee aliyesimama kupinga. Alisema ng'ombe wake walipita pale miaka kumi na miwili, tangu alipohama kutoka Olbalbal ukame ulipomaliza nusu ya mifugo yake, na kwamba magoli ndiyo yaliyowakuta ng'ombe, si ng'ombe waliokuja kwenye magoli. Baada ya kusema hayo aliondoka, na kesho yake akapita na Sambu akiwa huru kama kawaida. Mtendaji wa kijiji, Raphaeli, alimwandikia barua ya onyo, kisha ya pili. Tajewo alizipokea zote mbili kwa heshima.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alikisafisha kidonda kwa maji ya bomba na sabuni kwa robo saa nzima, mtoto akilia mpaka sauti ikakauka. Akamchoma sindano ya kwanza ya kinga, akaandika tarehe za nyingine kwenye karatasi.

"Kama angeumwa mguuni ningekuwa na wasiwasi mdogo," muuguzi alimwambia Natalia. "Hapa ni karibu na ubongo. Ugonjwa huu ukiwemo, hauna mwendo mrefu wa kufika. Mbwa yuko wapi?"

"Kwa mwenyewe. Vijana wameenda kumuua."

"Pigeni simu wasimuue. Huyo mbwa akiwa hai na mzima siku ya kumi, mtoto wako hana kichaa. Wakimuua leo, utakaa miezi mizima unamwangalia mtoto kila akikohoa."

Natalia akampigia simu shemeji yake, Noel, mdogo wa mumewe, aliyekuwa anaishi nao na kuwasaidia shambani. Mumewe, Damiano, alikuwa mpishi kwenye kambi ya watalii, na nyumbani alionekana siku nne tu kila mwezi.

"Noel, msimuue."

"Unasemaje, shem? Tuko hapa getini kwake."

"Nimesema msimuue. Daktari anamtaka akiwa hai."

Palikuwa na vijana kumi na wawili mbele ya boma la Tajewo, wana rungu na mawe. Ndani ya uzio Tajewo alikuwa amesimama na wanawe wawili wakubwa, nao hawakuwa mikono mitupu. Modest, bwana mifugo wa kata, alifika kwa pikipiki wakati jiwe la kwanza lilikuwa limesharushwa. Aliisimamisha pikipiki katikati ya pande mbili na kuiacha ikinguruma mpaka watu wakachoka kupigizana kelele juu yake.

Natalia aliporudi na mtoto aliyefungwa bendeji nusu ya uso, mabishano yalikuwa yamehamia mahali pa kumfungia mbwa.

"Atakaa hapa kwangu," Tajewo alisema. "Nitamfunga mwenyewe."

"Ana mbwa watatu wenye mabaka," Natalia akamwambia Modest, bila kumwangalia Tajewo. "Huyu akifa siku ya nne, ataleta mwingine, atasema ndiye. Mimi simwamini."

"Na wao wakikaa naye watamuua," Tajewo alisema. "Mimi pia siwaamini."

"Cheti cha chanjo unacho?" Modest alimuuliza.

"Alichanjwa Olbalbal, kwa kaka yangu. Karatasi ilipotea."

Vijana wakacheka kwa dharau.

Mwishowe Modest alichagua zizi la nyuma ya ofisi ya kijiji, linalowekewa mifugo iliyokamatwa kwenye mashamba ya watu. Lilikuwa na nguzo imara, mabati juu, na geti la mbao. Alimpiga mbwa picha pande zote kwa simu yake. Kisha akataka makufuli mawili. Moja alilifunga Tajewo, akaweka ufunguo wake shingoni. La pili alilifunga Natalia. Bila wote wawili, geti halikufunguka.

"Asubuhi saa moja, jioni saa kumi na moja," Modest alisema. "Mtakuja wote. Mwenye mbwa anamlisha, mama anamwona. Yeyote atakayemgusa huyu mbwa nje ya hapo, nampeleka polisi mimi mwenyewe."

Kwa hiyo ikawa kwamba watu wawili waliochukiana kuliko wote pale kijijini walikutana mara mbili kwa siku.

Siku ya kwanza na ya pili hawakusalimiana. Kwa Tajewo hilo halikuwa jambo dogo. Alikuwa mtu wa kusalimia hata watoto, mmoja mmoja, kwa kuwawekea mkono kichwani. Alifungua kufuli lake, akasubiri. Natalia akafungua lake. Tajewo aliingia na bakuli la uji wa mahindi, akachutama, akazungumza na mbwa Kimaasai kwa sauti ya chini, na Natalia akasimama getini na kuhesabu pumzi za mnyama. Aliangalia kama mate yanatoka, kama anayumba, kama anaogopa maji. Modest alikuwa amemwambia mambo ya kuangalia, na usiku aliyarudia kitandani kama sala. Asubuhi aliamka na kutazama macho ya Janeth, kisha akaenda kutazama macho ya mbwa.

Siku ya tatu Janeth alichomwa sindano ya pili. Jioni Natalia aligundua jambo lililomuudhi: Sambu alikuwa ameacha uji nusu, na yeye moyo ulimwenda mbio.

"Mbona hajamaliza?" aliuliza.

Ndilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia Tajewo tangu siku ya tukio.

"Hajazoea kufungwa."

"Sikuulizi amezoea nini. Nauliza kwa nini hali."

Tajewo akachovya kidole kwenye uji, akaonja. "Umepoa. Mtoto anakula?"

"Hayo hayakuhusu."

"Nauliza tu."

"Usiulize. Wewe lisha mbwa wako."

Asubuhi ya siku ya nne Resiato, mke wa Tajewo, alikwenda nyumbani kwa Natalia na kibuyu cha maziwa. Alisimama mlangoni, akasema ni ya mtoto. Natalia alikipokea, akatembea nacho mpaka ukingo wa ua, akakiinamisha mpaka tone la mwisho, akakirudisha kikiwa kitupu. Resiato alikifunga kifuniko chake vizuri, kama kwamba bado kuna maziwa ndani, akaondoka.

Noel aliyaona hayo kutoka jikoni, akafurahi. Kwake yeye siku hizi kumi zilikuwa aibu. Wenzake kijiweni walimuuliza kila siku kama shemeji yake sasa ni mlinzi wa mbwa wa Mmaasai. Damiano naye alipiga simu kutoka kambini, mtandao ukikatika kila mara, akasema kama angekuwa nyumbani mambo yangekuwa yamekwisha siku ile ile.

"Wewe unamlisha," Damiano alisema.

"Simlishi. Namwangalia."

"Mwanangu amechanwa uso na wewe unamwangalia mbwa."

Simu ikakatika. Natalia hakuipiga tena.

Siku ya sita asubuhi alifika zizini akamkuta Tajewo ameshikilia geti kwa mikono miwili. Sambu alikuwa amelala ubavu. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, miguu ikipiga ardhi kwa vipindi, na povu jeupe lilitiririka mdomoni mpaka likalowesha majani. Alikuwa amejinyea.

Natalia alishika nguzo.

"Ana kichaa," alisema. Kisha akasema kwa sauti kubwa, na watu waliokuwa wanaelekea mashambani wakasimama. "Mbwa wako ana kichaa. Umemuua mwanangu."

"Wamempa kitu," Tajewo alisema. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Jana alikula, alikunywa maji, uliona kwa macho yako. Ninyi mmempa kitu."

"Sisi nani?"

"Wewe na watu wako."

Modest alifika akiwa hajanywa chai. Watu walikuwa wameshajaa. Alizunguka zizi, akachungulia kati ya mbao, akainama mpaka kofia ikagusa ardhi. Hakufungua geti.

"Kichaa kinaweza kuwa hivi," alisema. "Sumu inaweza kuwa hivi vilevile. Kama ni kichaa, siwezi kuingiza mkono wangu humo, na simruhusu mtu yeyote. Tutasubiri."

"Tusubiri nini?" Tajewo aliuliza.

"Afe. Halafu nikate kichwa nikipeleke Arusha kikapimwe."

"Majibu yanachukua muda gani?" Natalia aliuliza.

"Siwezi kukudanganya, mama. Siku kadhaa. Pengine zaidi."

"Na kama ni sumu?"

"Kama ni sumu ya aina ninayoifikiria, dawa yake ninayo kwenye begi hapa. Lakini nikikosea natia mkono wangu kwenye mdomo wa mbwa mwenye kichaa. Nina watoto, mama Janeth."

Natalia alikimbia nyumbani. Alitaka kumchukua Janeth ampeleke hospitali Karatu mjini saa ile ile, ingawa hakujua angewaambia nini wamfanyie. Aliingia jikoni kutafuta kanga, akanyoosha mkono juu ya kenchi ya paa ambako alitundika vitu, na vidole vikagusa chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Alikuwa na ng'ombe wawili, na dawa ile aliinunua mwezi uliopita. Chupa ilikuwa na unyevu. Kifuniko kilikuwa kimekazwa upande. Aliishusha, akaitazama kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa imepungua zaidi ya nusu, na yeye alikuwa ameitumia mara moja tu. Kwenye sufuria utumbo alioununua jana haukuwepo.

Noel alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, anakunywa chai.

"Noel."

"Naam, shem."

"Utumbo uko wapi?"

Noel alipuliza chai yake. "Shem, wewe kachukue mtoto mwende hospitali. Hayo mengine yaache."

"Ulimpa saa ngapi?"

"Alfajiri. Nilimrushia kwa juu ya mbao." Alipoona uso wake akaweka kikombe chini. "Unanitazama hivyo kwa nini? Si ulitaka afe? Kijiji kizima kinajua ulitaka afe."

"Nilitaka afe siku ya kumi na moja."

"Sasa amekufa ya sita. Tofauti yake nini?"

Natalia alisimama na ile chupa mkononi. Alifahamu vizuri kwamba akinyamaza, mambo yote yatabaki upande wake. Mbwa atakufa na povu mdomoni mbele ya watu wote, Tajewo atakuwa ameshindwa, labda watamfukuza na ng'ombe wake, na hakuna atakayeuliza swali. Ni yeye tu atakayebaki na hiyo hesabu ya usiku, anamwamsha Janeth kumpa maji ya kunywa ili aone kama anayaogopa.

"Shem," Noel alisema, sasa amesimama. "Usifanye hivyo. Mimi ni mdogo wa mumeo."

Natalia alimpita.

Zizini watu walimpisha njia kwa kudhani analia. Alikwenda moja kwa moja kwa Modest, akamwekea chupa mkononi.

"Ni hii. Amepewa alfajiri kwenye utumbo."

"Una hakika?"

"Chupa ni yangu. Aliyempa ni shemeji yangu, Noel. Amekiri sasa hivi."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Natalia, umechanganyikiwa?" na mwanamke mwingine akamwambia yule mtu anyamaze. Modest alinusa chupa, akasoma karatasi yake, akainama tena kwenye mbao na kumulika tochi ya simu kwenye macho ya mbwa.

"Mboni zimekuwa kama tundu la sindano. Ni sumu," alisema peke yake. Akaanza kuvaa glovu, zile ndefu za kuzalishia ng'ombe, mbili mbili kila mkono. "Fungueni."

Tajewo alikuwa ameshafungua lake. Natalia alihangaika na ufunguo mpaka Tajewo akanyoosha mkono auchukue. Natalia aliuvuta kwake.

"Nafungua mwenyewe."

Akafungua. Tajewo aliingia kwanza, akamfunga mbwa mdomo kwa mkanda wake wa ngozi, akakilaza kichwa chini na kukikandamiza kwa mikono miwili. Modest alimchoma atropini, dawa ya kuvunja sumu ile, mara ya kwanza. Wakasubiri. Alichoma mara ya pili, kisha ya tatu, kila mara akiangalia mate. Jua lilipanda likafika juu ya mabati na zizi likawa tanuri, lakini Tajewo hakubadilisha mkao. Saa tano povu lilipungua. Saa saba mate yalikauka kabisa, na mbwa akaacha kutetemeka. Modest akauvua ule mkanda ili apumue vizuri, wakatoka nje wote. Saa tisa Sambu aliinua kichwa, akakirudisha chini, akakiinua tena.

Natalia alikuwa bado amesimama getini. Tajewo alimwendea, shati limeloa jasho na povu la mbwa.

"Nani alimtuma?" aliuliza.

"Hakutumwa."

"Kijana wa nyumbani kwako, chupa yako, nyama yako. Hakutumwa?"

"Nimesema hakutumwa."

"Sijui hilo."

"Basi usijue," Natalia alisema. "Sikuja kukushawishi wewe. Nilikuja kwa ajili ya mwanangu. Ungekuwa na adabu ya kumfunga mbwa wako kamba tusingekuwa hapa."

"Na wewe ungekuwa na adabu ya kuwafunza watu wako tusingekuwa hapa."

Modest aliwaambia wafunge geti, kila mtu kufuli lake, na warudi saa kumi na moja kama kawaida.

Noel hakusubiri polisi. Jioni ile alikuwa ameshachukua begi lake na kupanda gari la Mbulu, kwa wazazi wake. Kabla ya kuondoka alimwambia Janeth, aliyekuwa amekaa mlangoni na bendeji yake, kwamba mama yake amempenda mbwa kuliko ndugu. Mtoto alimweleza mama maneno hayo kama yalivyo, bila kujua afanye nayo nini. Damiano alipiga simu usiku. Safari hii mtandao haukukatika, na Natalia alisikia kila neno.

"Umemtaja mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Mdogo wangu wa tumbo moja. Mbele ya yule mzee."

"Bila kumtaja mbwa angekufa, Damiano, nasi tusingejua lolote kuhusu Janeth."

"Ungemwita Modest pembeni."

Natalia alifikiri kuhusu hilo. Ni kweli angeweza kumwita pembeni. Wakati ule haikumjia.

"Sikuwaza," alisema.

"Hukuwaza," Damiano akarudia, kisha akasema mwezi huu hatakuja.

Siku nne zilizobaki zilipita kwa makufuli mawili na bila maneno. Watu waliacha kumsalimia Natalia kwa namna mbili tofauti. Wale waliokuwa upande wake walisema amewauza. Wale wachache waliokuwa upande wa Tajewo walisema amekiri kwa kuogopa tu. Sambu alikula. Siku ya nane alibweka mtu alipopita. Siku ya tisa alirukia geti Tajewo alipokuja, na Natalia akaruka nyuma na kugonga mgongo kwenye nguzo, na hakuna aliyecheka.

Siku ya kumi Modest alimtazama mbwa toka pua hadi mkia, akalinganisha na picha zake, akamchanja palepale na kuandika cheti. Aliandika na karatasi nyingine, ya kupeleka kituo cha afya. Janeth alikuwa ameshachomwa sindano tatu. Muuguzi alisoma karatasi, akachora mstari juu ya tarehe zilizobaki.

"Basi, imekwisha," alimwambia mtoto. "Kovu litabaki, lakini litakuwa dogo."

Natalia alitoka nje ya kituo, akakaa kwenye ngazi, akalia huku amejifunika uso kwa kanga. Janeth alisimama kando yake na kumvuta mkono, kwa sababu watu walikuwa wanapita na yeye aliona haya.

Mkutano wa kijiji uliitishwa Jumamosi. Raphaeli, mtendaji, alisoma mapendekezo: mbwa wa mifugo waruhusiwe kupita ukingo wa mashariki wa uwanja, wamefungwa kamba, kabla ya saa mbili asubuhi na baada ya saa kumi na mbili jioni, wakati watoto hawapo. Atakayempa sumu mbwa wa mtu afikishwe mahakamani. Alisema ni mapendekezo ya kati, na aliomba watu wasilete tena mambo ya zamani.

Tajewo alisimama. "Ukingo wa mashariki una mawe. Ndama watavunjika miguu. Na kamba sitafunga. Mbwa wangu amekaa kwenye zizi siku kumi, ametiwa sumu, na aliyemtia sumu yuko Mbulu anakula viazi. Mnaniletea kamba?"

Natalia alisimama kabla Tajewo hajaketi. "Mimi sitaki ukingo. Sitaki mbwa hata mmoja uwanjani, awe na kamba, awe na cheti. Aliyekaa na mtoto wake kituoni ni mimi, si ninyi."

"Mama Janeth, tunatafuta suluhu," Raphaeli alisema.

"Tafuteni."

Mikono ikanyooshwa. Karibu wote walikubali. Waliopinga walikuwa wawili, mmoja upande wa wanaume na mmoja upande wa wanawake, na Raphaeli aliandika hivyo kwenye daftari lake bila kuinua macho.

Wiki iliyofuata Natalia alikwenda bombani asubuhi. Maji yalikuwa yanatoka kidogo kidogo na foleni ilikuwa ndefu. Aliyekuwa mbele yake alikuwa Resiato. Alipomwona, Resiato alisogeza ndoo yake kwa mguu, si mbali, kiasi tu cha ndoo mbili zisigusane. Walisimama hivyo karibu nusu saa. Wanawake wengine waliongea habari za bei ya vitunguu na mnada. Zamu ya Resiato ilipofika, alijaza, akajitwisha, akageuka na kumtazama Natalia ana kwa ana.

"Mtoto wako amepona," alisema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Mbwa wetu amepona. Yale maziwa niliyakamua kwa mkono wangu, na wewe uliyamwaga mbele yangu. Sasa tuachane."

Natalia alitafuta neno, na lililokuja lilikuwa hilohilo.

"Tuachane," alisema, akasogeza ndoo yake chini ya bomba.